Mihimili ya Mke Mwenza

Usione vimeundwa ukadhani vyaelea. Najua wahenga walilisema kwa upande wa pili, na sina ugomvi nao. Ila wao hawakuwahi kulala chali chini ya boti ya miaka thelathini iliyopakwa rangi mpya juzi. Mimi nimelala. Ndiyo kazi yangu. Nakagua boti za injini zilizokula chumvi nyingi, kisha naandika ripoti inayosema kama zinafaa kubeba watu au zinafaa kufugia kuku.

Jumamosi ile boti ilikuwa ya Kapteni Pasi, na aliyeitaka alikuwa mama yangu mdogo.

Mama Mdogo alipika chai kwenye kantini ya kivuko kwa miaka ishirini na miwili. Kila siku aliwatazama manahodha wakishika usukani kwa mkono mmoja na kikombe chake kwa mkono wa pili, na kila siku alijiambia kimoyomoyo kwamba yeye angeushika kwa yote miwili. Mwaka uliopita, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alikwenda kukaa darasani na vijana wanaoweza kuwa wanawe, akajifunza taa na mafundo na ramani, akatoka na cheti cha unahodha. Alikuwa wa pili. Ukimuuliza wa kwanza alikuwa nani, atakwambia, "Mtu mmoja hivi mwenye bahati."

Sasa shule ya ng'ambo ya ghuba ilikuwa inatafuta boti ya kuvusha walimu wake kumi na wawili asubuhi na kuwarudisha alasiri. Mwalimu mkuu alimwahidi Mama Mdogo njia hiyo kwa sharti moja: ripoti safi ya ukaguzi iwe mezani kwake Ijumaa inayofuata, kabla ya saa sita mchana. Isipofika, njia inakwenda kwa mtu mwingine, na huyo mwingine alikwisha kuosha boti yake na kuitundikia vibendera.

Bandari yetu ina wakaguzi wawili. Mkubwa wangu ana nyonga mbovu na haingii tena kwenye ngama, kule chini kabisa ambako maji machafu ya boti hujikusanya. Yeye husoma, huuliza maswali ya kuudhi, na hugonga muhuri. Anayetambaa ni mimi. Kwa hiyo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa: MKAGUZI NI MTOTO WA DADA YAKE MNUNUZI. Mtu asije akasema nilificha.

Siku moja kabla nilimpigia simu Mama Mdogo nikampa maagizo. Boti ipandishwe nchi kavu, ikae juu ya magogo. Isiguswe kwa brashi. Na injini isiwashwe kabla sijafika.

"Isiwashwe hata kidogo," nikarudia.

"Nimesikia, mwanangu. Masikio ninayo mawili."

Nilipofika asubuhi nilipanda ngazi, nikafunua kifuniko cha injini, nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa ya moto kama buli.

"Nani ameiwasha?"

Kapteni Pasi, tunayemwita hivyo kwa sababu shati lake halijawahi kuonekana na mkunjo, alianza kuchunguza vifungo vyake. Baba yangu, fundi wa injini, aliyekuja kama shabiki tu kwa vile injini ile aliifunga yeye miaka kumi na moja iliyopita, alitazama mawingu. Mama Mdogo ndiye aliyetabasamu.

"Dakika kumi tu, mwanangu. Tuliiunganishia mpira wa maji. Nilitaka ikupokee vizuri. Mgeni hapewi chai baridi."

"Mama Mdogo, injini ya moto haisemi ukweli! Nataka kuiona inavyoamka. Inakohoa? Inatoa moshi mweusi au wa bluu? Stata inasota? Wewe umeshaipiga mswaki na kuivika gauni."

"Basi ngoja ipoe."

"Nangoja. Masaa manne."

"Masaa manne!" akasema Kapteni Pasi. "Nina miadi."

"Mwache mkeo akuwakilishe," Baba akamwambia. Mke wa Kapteni alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti chake mwenyewe. Kwa miaka thelathini aliiita boti ile Mke Mwenza, kwa kuwa mumewe alilala huko mara nyingi kuliko nyumbani, na jina lilinata mpaka likaandikwa ubavuni. Asubuhi ile alikuwa ameshaniuliza mara tatu kama tunaichukua leo.

Masaa manne hayapotei bure kwa mtu mwenye nyundo. Boti ya faiba hukaguliwa kwa masikio. Unaigonga kwa nyundo ndogo ya plastiki, kiganja kwa kiganja, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma, na unasikiliza inavyojibu. Penye uzima hujibu kwa ukali: ko, ko. Penye maji ndani hujibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Baba ndiye aliyenifundisha nikiwa na miaka tisa. "Gonga kama unabisha hodi kwa wakwe," alikuwa akiniambia. "Usivunje mlango, lakini wajue umefika."

"Nyamazeni," nikasema.

Walinyamaza dakika mbili. Kisha Mama Mdogo akaanza kunong'ona kila nilipogonga, "Hapo vipi? Na hapo?" mpaka nikampa kazi ya kushika tochi kwa meno ili mdomo wake upate shughuli.

Boti ilijibu vizuri. Chini ya mstari wa maji nilikuta malengelenge saba, madogo kama kucha. Nikayatoboa moja moja, nikanusa yale maji yake ya siki, nikayazungushia chaki. Saba kwa miaka thelathini ni heshima. Nilitikisa usukani wa nyuma, haukucheza. Nilishika propela kwa mikono miwili nikaivuta juu na chini, shafti, chuma kinachoizungusha, ikakaa imara. Nilizungusha koki zote zinazoingiza maji ya baharini. Moja iligoma.

"Hiyo huwa hatuifungi," Kapteni Pasi akaeleza.

"Na siku mpira wake ukipasuka katikati ya ghuba mtaifunga kwa nini, kwa dua?"

Mkewe alicheka mpaka kiti kikalalamika. Nikaandika: koki moja ibadilishwe.

Injini ilipopoa kweli, nikamwambia Baba aiwashe. Iliitika mara ya pili. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna. Oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji hayajaingia ndani. Mama Mdogo alikwisha kuanza kumkumbatia mke wa Kapteni. Mimi nikachukua kikombe cha maji, nikakiweka juu ya sitaha, nikakitazama. Maji yalikuwa yanacheza. Si kutetemeka kama kawaida ya dizeli, yalikuwa yanaruka.

"Zima, Baba."

Nikateremka ndani tena. Injini ya boti haikai sakafuni. Hubebwa na mihimili miwili ya mbao iliyovishwa faiba, mmoja kila upande, na kukazwa juu yake kwa bolti kubwa zenye nati. Mihimili hii ilikuwa imepakwa rangi nyeupe iliyong'aa kuliko kitu chochote kingine mle ndani. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Kitu kizee kinachong'aa peke yake kina lake jambo.

"Hapo usijisumbue," Baba akasema kutoka juu. "Hiyo ni mihimili ya mti mgumu. Itatuzika sote."

Nikagonga. Blanketi. Nikagonga upande wa pili. Blanketi na mto. Nikatoa bisibisi, nikaiweka kando ya nati ya nyuma, nikasukuma bila nguvu. Ikaingia yote. Ikaingia kama kwenye papai, mpaka mpini, na nilipoichomoa, maji ya kahawia yakafuata polepole.

Walikuwa wote wameinama juu ya shimo la injini, vichwa vinne, wakitazama yale maji.

Nilijua kazi ya nani. Kila nati anayokaza Baba huiwekea nukta ya rangi nyekundu kichwani, ili ikizunguka hata kidogo aione. Hakuna fundi mwingine bandarini anayejisumbua hivyo. Na mbele yangu kulikuwa na nukta nyekundu nane. Alitoboa matundu ya bolti kwenye mihimili mizima, akafunga injini, na hakuiziba kwa gundi mbao iliyobaki wazi ndani ya matundu. Maji yakapata mlango. Miaka kumi na moja yamekuwa yakiingia bila kubisha hodi.

Nilikuwa na kama sekunde mbili za kunyamaza. Sikunyamaza.

"Baba, hii ni kazi yako. Hukuziba matundu."

Kapteni Pasi aliguna. Baba alisimama wima, akajifuta mikono iliyokuwa safi.

"Binti," akasema, "umenivua nguo mbele za watu." Akateremka ngazi, akaondoka, na hakugeuka.

Mama Mdogo akanivuta pembeni, nyuma ya mapipa. "Andika uchakavu. Boti imezeeka, mihimili imezeeka. Nani atauliza?"

"Nitauliza mimi, siku injini itakapohama mahali pake, ipinde shafti, na maji yaanze kuingia pale shafti inapotokea, wewe ukiwa katikati ya ghuba na walimu kumi na wawili wanaokuita nahodha."

Nikaandika mbele yake: *Mihimili yote miwili imeoza ndani. Sababu: matundu ya bolti hayakuzibwa injini ilipofungwa. Boti haifai kubeba watu mpaka mihimili ibadilishwe.* Aliisoma huku midomo ikitembea. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa kiganja, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na mengine?"

"Mengine mazima! Bodi nzima, shafti imenyooka, tangi safi, nyaya hazijaguswa na panya. Ukitoa mihimili na koki, huyu ni bibi mwenye meno yote."

Akahesabu kwa vidole. "Siku sita."

"Zinatosha, kama injini itainuliwa mapema."

"Na wa kuinua ni baba yako."

"Ndiye."

"Na baba yako amenuna."

Kesho yake Mama Mdogo alikwenda kwa Baba na kurudi kwangu mara tatu kama sindano ya cherehani. Ujumbe wa Baba haukubadilika: ataigusa injini nitakapomwomba radhi.

"Neno moja tu, mwanangu. Halivunji mfupa."

"Halivunji. Lakini nikilisema nitakuwa nimesema ripoti ina uongo."

"Basi omba radhi kwa namna ulivyosema, si kwa ulichosema."

"Nilisema kwa sauti ya kawaida."

"Ulisema kwa sauti ya mnadani! Mpaka yule aliyekuwa anashona nyavu kule mwisho akauliza ni nani hakuziba."

Nilikataa. Mama Mdogo akanitazama, akafikiri, akachukua mkoba wake. Kwa mara ya nne akaenda kwa Baba, na safari hii hakunitaja kabisa. Alimwambia tu, huku akinywa maji aliyokaribishwa, kwamba asisumbuke, amezungumza na kijana wa karakana ya pili, yule anayeitwa Fasta, naye ataiinua injini Jumatatu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Baba alikuwa juu ya Mke Mwenza na chenibloku ya kuinulia injini begani.

"Fasta!" alikuwa anaunguruma. "Fasta aliyesahau spana ndani ya injini ya polisi! Fasta aguse hii?"

Kwangu hakusema neno. Alikuwa ameamua kuzungumza na injini.

"Injini," akasema ikiwa inaning'inia kwenye minyororo, "mwambie huyo mkaguzi aniletee spana namba kumi na saba."

Nikampelekea. "Injini, mwambie fundi hii hapa, na kumi na tisa nimeileta kabisa, maana najua ataitaka."

"Injini, mwambie asijifanye anajua."

Baada ya dakika moja aliitaka kumi na tisa.

Tulikata faiba juu ya mihimili, tukaifunua kama kifuniko cha sanduku. Mbao ya ndani tuliichota kwa kijiko. Nasema kijiko, kile cha supu, na Baba ndiye aliyekishika. Alichota la kwanza akalinusa. Alichota la pili akalikamua kati ya vidole, maji yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Hakuiambia injini kitu. Aliendelea kuchota mpaka ndoo mbili zikajaa, na mchana ule hakula.

Jumanne tulikausha. Mama Mdogo alileta feni yake ya sebuleni, akaifunga kwenye ngazi, akakaa nayo kutwa akiielekeza huku na huku kama anampepea mgonjwa. Kapteni Pasi alichonga mbao mpya. Kumbe mikono ile ya kunyoosha mashati ilijua randa. Jumatano tukavisha mihimili faiba, tabaka juu ya tabaka, sisi wanne tukiwa na gundi mpaka kwenye nyusi, na mke wa Kapteni akitusimamia kutoka kitini: "Hapo kuna povu. Na hapo. Mnataka nirudi kuwa na mwenza?"

Alhamisi ilikuwa siku ya kutoboa. Baba alitoboa kila tundu pana kuliko bolti. Kisha akalijaza gundi yote, akasubiri ikauke iwe jiwe, ndipo akatoboa tena katikati tundu jembamba la bolti. Sasa bolti ingepita ndani ya gundi tupu, na mbao isingeonja tone. Alipomaliza la kwanza akanyoosha mgongo.

"Injini, mwambie mkaguzi aje aangalie tundu hili kwa tochi. Asije akasema."

Nililala kifudifudi, nikamulika, nikaingiza kidole. Laini kama ndani ya chupa.

"Injini, mwambie fundi tundu ni zuri."

"Zuri tu?"

"Mwambie ni zuri sana."

Aliiangalia injini kwa furaha iliyoniudhi, kwa sababu ilistahili kuja kwangu. Matundu saba yaliyobaki aliyatoboa akiimba.

Ijumaa asubuhi Mke Mwenza aliteremka majini. Baba akanyoosha tena shafti na injini, kwa kuwa boti ikielea hubadilika umbo kidogo na kilichokaa sawa nchi kavu huweza kwenda kombo. Saa tatu nikaweka kiganja juu ya injini. Baridi. Nikamtazama Mama Mdogo.

"Sijaigusa!" akapiga yowe. "Hata kwa macho!"

Akawasha mwenyewe. Mara ya kwanza tu ikaitika. Nikaweka kikombe cha maji sitahani. Maji yakatetemeka kistaarabu, yakatulia. Tukatoka. Mama Mdogo alishika usukani kwa mikono yote miwili, kama alivyojiahidi, akaipeleka polepole mpaka nje ya maboya, halafu akasukuma mkono wa mafuta. Omo ikanyanyuka. Akapiga kona ya kulia, akapiga ya kushoto, akapiga duara zima bila sababu yoyote ya kiukaguzi, na wimbi letu wenyewe likarudi likamwagikia Kapteni Pasi kutoka kola mpaka viatu. Alisimama pale, shati limemganda, likiwa na mikunjo kwa mara ya kwanza katika historia. Baba alicheka akakaa chini. Nami chini ya sitaha, tochi mdomoni, nilikagua nukta nane mpya nyekundu. Hakuna iliyozunguka hata unywele. Ngama ilikuwa kavu.

Mkubwa wangu mwenye nyonga alisoma ripoti yote gatini, akauliza maswali kumi na moja ya kuudhi, akagonga muhuri saa tano na dakika kumi. Ghuba huvukwa kwa dakika ishirini na tano. Mama Mdogo aliweka ripoti ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya blauzi, na tukavuka, yeye, Baba na mimi, na Kapteni Pasi kifua wazi huku shati likipepea kwenye mlingoti wa taa.

Tulipofika ofisini kwa mwalimu mkuu ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tatu. Walimu walikuwa kwenye mkutano mle mle, wote kumi na wawili, na yeye ni mtu wa kusoma kwa sauti. Akasoma. Alipofika kwenye ripoti ya kwanza akapunguza mwendo. "Sababu: matundu ya bolti hayakuzibwa injini ilipofungwa." Akashusha miwani. "Huyu fundi ni nani? Maana nisingependa aguse boti ya walimu wangu."

Mama Mdogo alifungua mdomo. Baba akamtangulia.

"Ni mimi," akasema, mkono juu kama mwanafunzi. "Niliyeharibu ni mimi, na niliyetengeneza ni mimi. Soma ukurasa unaofuata, Mwalimu."

Mwalimu mkuu akausoma, na ulimchukua muda. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina la Mama Mdogo kwenye ratiba, kuanzia Jumatatu, na walimu wakapiga makofi, na Mama Mdogo akalia na kucheka kwa pamoja akimshikilia mwalimu wa hesabu asiyemjua.

Baba hakuwa amemaliza. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akasema nami bila kupitia kwa injini.

"Haya, binti. Mimi nimekiri mbele za watu. Ulinisema mbele za watu. Sasa na wewe, mbele ya watu hawa hawa wasomi, niombe radhi."

Kapteni Pasi akanikonyeza. Mama Mdogo akanifanyia ishara kwa macho, kwa nyusi, hatimaye kwa kiwiko.

"Baba," nikasema, "kazi yako ya wiki hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kukagua, na nimeiandika hivyo, kwa wino. Ile ya mwanzo ilikuwa mbovu. Nikiikuta tena popote nitasema tena, na kwa sauti ile ile. Radhi siombi."